Maji Yako Yanatoka Wapi? Fundi wa Tanki Anajibu Wasomaji

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinaanza "Fundi, samaki wangu..." alafu inafuata habari ya msiba. Nimezisoma zote nikiwa na chai yangu mbele ya tanki hapa Buruburu. Mmeniandikia kuhusu filta, taa, chakula, dawa, lakini karibu nyote hamkuniambia maji yenu mnayatoa wapi. Na Nairobi hii maji si maji tu, kuna ya mfereji yanayotoka Ndakaini na Sasumua, kuna ya boza ambayo hujui yamechotwa wapi, kuna ya boholi ya landilodi, na kuna ya mvua yaliyoshuka kwa mabati. Hayo manne ni vitu vinne tofauti na samaki atajua kabla yako. Kwa hivyo leo nitalirudia swali hilo mara kwa mara, hata kama hamkutaka.

UMOJA: GOLDIFISHI WA MTOTO

"Habari Fundi. Kijana wangu alipofikisha miaka saba nilimnunulia goldifishi watatu na lile bakuli la kioo la duara, kutoka kwa jamaa anauzanga kando ya barabara. Akaniambia nibadilishe maji yote kila siku mbili na nisiwalaze njaa. Siku ya nne mmoja akaelea, siku ya tano wawili. Nikakimbia nikanunua wengine kabla kijana atoke shule, hao nao wakakaa siku sita. Sasa ameanza kuuliza mbona samaki wake wamebadilika rangi. Hii nyumba iko na mkosi ama ni mimi? Mama wa Kijana, Umoja."

Pole sana mama, na hapo kwa kubadilisha samaki kijana akiwa shule umenichekesha mpaka nikamwaga chai, juu mama yangu alinifanyia hivo hivo na kifaranga. Nyumba yako haina mkosi. Shida ni kwamba samaki hana choo. Na takataka yake nyingi hata haipitii nyuma, inatokea kwa matamvua pale anapopumulia, inaitwa amonia, ni ile harufu inakupiga ukipita karibu na choo cha stendi saa saba mchana. Mtoni maji yanaibeba inaenda zake, lakini kwa bakuli la lita tano inaenda wapi? Inabaki pale pale inamchoma matamvua, na ndio unaona siku ya tatu amepanda juu anafungua mdomo fungua mdomo, watu wanasema anabusu, kumbe anatafuta hewa.

Kwa tanki iliyokomaa kuna bakteria wanaofanya usafi. Kuna kundi linakula amonia na kutoa nitriti, ambayo pia ni sumu juu inafanya damu ya samaki ishindwe kubeba hewa, alafu kuna kundi lingine linachukua hiyo nitriti na kuigeuza nitrati, na nitrati si mbaya sana, unaipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kidogo na mimea pia inaila. Hao bakteria hawaishi sana ndani ya maji, wanajishikilia kwa siponji ya filta, kwa changarawe, kwa kioo. Na wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa vizuri, kukiwa baridi hata zaidi. Sasa wewe mama ulikuwa kila siku mbili unamwaga yote, unasugua bakuli, alafu unajaza ya mfereji moja kwa moja na klorini yake, na klorini kazi yake iliyowekewa ni kuua bakteria. Yaani ulikuwa unajenga nyumba asubuhi unaibomoa jioni. Na si makosa yako, uliambiwa hivo na mwenye kuuza.

Lile bakuli weka matunda. Tafuta tanki ya pembe nne, angalau sentimita 60 kwa 30 kwa 30, hiyo inabeba lita 54, na filta ya siponji na pampu ndogo ya hewa. Na hapo goldifishi bado nakukataza, juu goldifishi akiwa na afya anafika sentimita 15, 20 na kupita, na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, hao wadogo unauziwa ni watoto. Mwekee kijana danio sita, wale wembamba wenye mistari kama punda milia, hawachoki kukimbizana na baridi yetu wanaiweza.

Lakini kabla ya danio: maji ya mfereji yakae kwa ndoo wazi siku nzima klorini iruke, ama utumie dawa ya kutoa klorini. Jaza, washa filta, na kila siku tia chakula kidogo sana, unga wa kubanwa na vidole viwili, bila samaki. Najua inakaa wazimu kulisha maji. Hicho chakula kinaoza, kinatoa amonia, bakteria wanapata kitu ya kula wanazaana. Nunua kile kipimo cha matone cha amonia na kingine cha nitriti, kijana atakipenda juu maji yanageuka rangi mbele yake, ya amonia ni njano kukiwa sawa na kijani kukiwa mbaya. Vipimo vikishapanda, siku vyote viwili vikirudi sufuri ndio unaenda kununua samaki. Na kama unajua mtu ana tanki ya zamani, mwombe akukamulie siponji yake chafu ndani ya yako, ile tope ya kahawia ni mali, itakupunguzia wiki nyingi. Mimi nawapelekea watu kwa mkebe wa siagi, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017. Baada ya hapo ni kubadilisha robo ya maji kila wiki, basi, na siponji uioshe kwa maji uliyotoa kwa tanki, usiiweke chini ya mfereji hata siku moja.

RONGAI: GAPI WANAZAANA, NEONI WANAISHA

"Fundi mambo. Nina tanki ya lita 120, miezi minane sasa, filta nzuri, mimea iko. Gapi wamezaana mpaka nagawia majirani. Lakini neoni nimenunua mara tatu, kila mara kumi, na wiki haiishi bila kuokota maiti. Dukani wananiambia ni ugonjwa wananiuzia dawa ya buluu. Nimeweka chupa mbili. Baba Mapacha, Rongai."

Buda, Rongai maji ni boholi, si ndiyo? Hujasema lakini najua. Wacha hiyo dawa, hao samaki si wagonjwa, na dawa zingine zinaua hata wale bakteria wa usafi nilioeleza hapo juu.

Chini yetu hapa ni mwamba wa volkano. Maji ya boholi yamekaa humo miaka, yamekula yale madini, yanatoka na bikaboneti nyingi na floraidi. Boholi nyingi za huku zinapita ile miligramu 1.5 kwa lita ya floraidi ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kama mwisho, ndio maana kuna watoto wamekulia maji hayo meno yao yana madoa ya kahawia. Kwa samaki kinachokusumbua hasa ni hiyo bikaboneti, inashikilia pH juu (ni kipimo cha asidi: chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni kinyume chake), nane na zaidi, na haitaki kushuka. Ya mfereji ni kitu kingine kabisa, ni mvua iliyoangukia milima ya Nyandarua ikaingia bwawani, ni laini, haijabeba mengi.

Sasa neoni kwao ni Amazoni, vijito vyenye maji kama chai, majani yaliyooza, laini na yana asidi. Umemtoa dukani mjini kwa maji ya mfereji, amekaa kwa matatu saa moja na nusu, alafu ukammwaga kwa pH ya nane na nusu. Huyo hata si ugonjwa, ni ajali. Gapi yeye hana maneno, maji ya aina hiyo anayapenda. Na kuna lingine watu hawalijui: amonia ile ile, kiasi kile kile, ikiwa pH ni saba haina makali sana, lakini pH ikipanda ikafika nane sumu yake inaongezeka karibu mara kumi. Kwa hivyo mtu wa boholi akizidisha chakula anaumia haraka kuliko mtu wa mfereji. Lisha kidogo.

Unaweza kuchanganya na maji ya mvua, wacha mvua ioshe mabati kwanza kama dakika kumi na tano ndio ukinge, na kama paa ni ya asbesto ama imepakwa rangi juzi usijaribu. Nusu kwa nusu. Lakini mimi sikushauri, na nitakwambia ukweli wangu: mvua ikikauka Januari utafanya nini? Maji yatarudi juu na samaki watapanda na kushuka nayo, na hiyo panda shuka ndiyo inaua kuliko pH yenyewe. Fuga samaki wa maji yako. Moli, plati, gapi zaidi. Na ukiwa na nafasi ya tanki kubwa, lita 200 kwenda juu, weka mbuna wa Ziwa Malawi, ziwa lao pH ni kati ya 7.7 na 8.6 hivi, boholi yako kwao ni nyumbani. Buluu kali, njano ya limau, hutakumbuka neoni tena. Ni wagomvi, wapangie mawe mengi mpaka juu wapate pa kujificha. Mbuna ni neno la Kitonga cha kule kando ya ziwa, na wazungu wote wanaofuga samaki duniani wanalitumia hivo hivo bila kutafsiri, mimi hiyo hunifurahisha sana.

Ukinunua samaki yeyote mwingine, acha mfuko uelee kwa tanki, alafu uwe unaongeza kikombe kimoja cha maji yako kila dakika tano, nusu saa nzima, ndio umtoe na wavu. Maji ya dukani usiyamwage ndani.

SOUTH B: BARIDI NA STIMA

"Niko bedsita, tokeni nalipa mwenyewe. Tanki yangu ni lita 60. Julai hii samaki wamejikunja kwa kona hawali. Ninunue hita? Na stima zikipotea usiku nifanyeje? Juzi zilipotea kutoka saa mbili mpaka alfajiri, nikapoteza wanne. Mwanafunzi, South B."

Pole kijana. Wengi wanaosoma kuhusu samaki kwa simu wanasoma maneno ya watu wanaokaa kwa nyumba zenye joto la mashine, alafu wanasahau sisi tuko mita karibu 1,800 juu ya bahari na Julai usiku nje kunafika nyuzi 11, 12. Tanki yangu bila hita mwezi wa saba inasoma 18 asubuhi. Kwa gapi na samaki wengi wa joto wanaotaka 24, 25, hiyo ni kulala nje bila blanketi, hali chakula, alafu madoadoa meupe kama chumvi yanamshika.

Hita ya lita 60 chukua ya wati 50 ama 75. Ya wati 50 ikiwaka nusu ya siku inakula yuniti 0.6, kwa mwezi ni kama yuniti 18, piga hesabu na tokeni yako. Ukiweka kifuniko cha kioo juu na ubandike yale maboksi meupe ya foamu nyuma na ubavuni, itawaka muda mfupi zaidi. Usisimamishe tanki dirishani. Na tafadhali hita uichomoe kwa soketi kabla ya kubadilisha maji, uache ipoe, ikiguswa na hewa ikiwa moto alafu umwagie maji baridi kioo chake kinapasuka, nimeona na macho yangu na ilikuwa yangu. Waya zote zishuke chini ya soketi alafu zipande tena, ndio tone la maji likiteremka na waya lidondoke sakafuni lisiingie kwa umeme.

Kama tokeni ni shida kabisa, badilisha samaki. Danio, goldifishi ukiwa na tanki kubwa, na wale wadogo wa China wenye mstari unaong'aa, hao wanataka 18 mpaka 22, yaani wameumbiwa Nairobi.

Hao wanne waliokufa usiku hawakuuawa na baridi nadhani, walikosa hewa. Huku juu hewa ni nyepesi, maji ya hapa yanashika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa kwenye joto lile lile, watu hawafikirii hilo. Kwa hivyo samaki wengi kwa tanki ndogo, filta ikisimama, hawana akiba. Nunua pampu ya hewa ya betri ukae nayo kwa droo. Huna? Chota maji na kikombe uinue juu kidogo uyamwage tena ndani, dakika chache, kila nusu saa, ni kazi lakini inasaidia. Usiwalishe stima zikipotea. Na kama filta imesimama saa nyingi, haswa ile ya kufungwa, usiwashe tu hivo, bakteria ndani wamekufa na uchafu umeoza, fungua, suuza siponji kwa maji ya tanki, ndio uwashe. Inawezekana kabisa baadhi ya wale wanne wako wameondoka na hiyo.

KASARANI: NUSU MAJI NUSU NCHI KAVU

"Fundi nimeona kwa simu tanki imegawanywa, upande maji na samaki, upande mchanga na mimea na kamaporomoko ka maji. Nataka kama hiyo sitingirumu. Nitaweka kobe wa maji mmoja na vyura wawili, kuna kijana anasema anaweza kunitolea mtoni. Maji ni ya mfereji, yakikatwa naletewa boza. Dada wa Mimea, Kasarani."

Wewe dada ndiye wa kwanza kuniambia maji yanatoka wapi, kwa hivyo nakujibu kwa urefu.

Kwanza huyo kijana mwambie akae. Wanyama pori, hata chura, hata kobe, wako chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013 na kibali kinatoka kwa KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, si kwa kijana wa mtaa. Na hata bila sheria: mito yetu ya mjini unaijua, chura ananywa kwa ngozi, huyo atakuja na kila kitu alichooga. Kobe wa maji anakua, anatapanya, anang'oa kila mmea uliopanda, maji yake yananuka wiki ya kwanza, na anabeba bakteria wa salmonela ambao kwa nyumba yenye watoto ni hospitali. Konokono wa mtoni pia hapana, wengine ndio wanabeba kichocho. Fanya ya mimea na gapi, na itakuwa nzuri kuliko ya huyo wa kwa simu.

Ya kwangu niliitengeneza na fundi wa vioo, sentimita 90 kwa 45 kwa 45. Mwambie atumie silikoni tupu, ile inanuka siki ikikauka, asitumie ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, hiyo dawa ni sumu kwa samaki. Ikae mpaka ile harufu iishe kabisa, kama wiki, alafu uijaze maji yote ukiwa nje kwa balkoni na uiache siku moja na gazeti chini. Gazeti likilowa utajua mahali.

Ndani mwambie abandike kipande cha kioo cha kimo cha sentimita 15 kukata tanki mara mbili, theluthi moja nchi kavu nyuma kwa kona, zilizobaki maji. Upande wa nchi kavu usijaze udongo tupu, utageuka matope na kunuka kama mtaro. Chini kabisa weka yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yale ya kusugulia kisigino, osha mpaka maji yake yawe safi, jaza karibu usawa wa kile kioo. Juu yake wavu wa plastiki. Juu ya wavu makumbi ya nazi yaliyosagwa na kulowekwa, sentimita saba nane hivi. Maji yakizidi yanashuka kwa mawe badala ya kulala kwa mizizi. Panda kangaga, na yale majani laini ya kijani yanayoota kwa ukuta wenye unyevu, ya kununua ama ya kwako nyumbani. Mani planti usiipande kwa udongo, ning'iniza mizizi yake kwa maji, inafyonza nitrati kuliko dawa yoyote utauziwa, yangu inafika dari sasa na mama watoto analalamika. Mafunjo madogo, yale ya nyungu, simamisha kwa kona ya maji ndani ya chungu chenye changarawe.

Poromoko ni pampu ndogo tu ya kuzama, na mpira unaopita nyuma ya mawe kutokea juu. Usiipeleke kasi, ikirusha matone kwa makumbi utapata kinamasi. Maji yana kina cha sentimita 15, na ukilaza kila kitu hapo kuna lita 40 hivi za maji, si nyingi, gapi wanane au kumi watoshee. Hao pia watakula viluwiluwi vya mbu, juu maji yoyote yaliyo wazi kwa nyumba mbu atayaona kabla ya mgeni. Kioo cha juu kiache mwanya kidogo, la sivyo ndani kunatoka jasho huoni kitu. Taa ya LED saa nane kwa siku, weka na taima usiitegemee kumbukumbu yako.

Na siku ya boza: usijaze tanki na maji ya boza siku hiyo hiyo. Weka kwa ndoo, uyapime pH ulinganishe na ya ndani. Mara nyingi boza ni boholi ya mahali fulani. Zikitofautiana sana ongeza lita mbili tatu kwa siku, si ndoo nzima.

ZA HARAKA HARAKA

Wa Pipeline anayesema maji yamegeuka kijani kama supu ya mboga: ni jua la dirishani na chakula kingi. Sogeza tanki, funika na leso siku tatu nne giza kabisa huku pampu ya hewa ikiendelea, alafu badilisha theluthi ya maji.

Wa Githurai aliyeletewa wale kamba wekundu wa Naivasha wenye makoleo na anataka kuwaweka na samaki: watakula mimea yote, usiku watakamata samaki, na mfuniko ukiwa wazi utampata mmoja chini ya kochi. Waliletwa Naivasha 1970, kwao ni Marekani kusini, na wakafyeka mimea ya ziwa mpaka yungiyungi zikaisha. Hao pika. Lakini ukichoka nao, ama na samaki ama mmea wowote wa tanki, usiumwage mtoni wala kwa mtaro. Gugu maji la Kisumu nalo watu walilipenda kwa sababu ya maua yake.

ZIMMERMAN: NAHAMA MWISHO WA MWEZI

"Fundi nahamia Kitengela tarehe 30. Tanki lita 140, miaka mitatu haijaguswa. Wa pikapu ananiambia tuibebe na maji yake nusu, samaki ndani, ati tutaenda polepole. Ni sawa? Na kule maji ni ya boholi. Mpangaji."

Hapana, na huyo wa pikapu akilipasua hatakulipa. Lita moja ni kilo moja, nusu ya tanki yako ni kilo 70 zinazopiga kioo kila bampu kutoka Thika Road mpaka Kitengela, na silikoni huenda isivumilie. Tanki inasafiri tupu, changarawe yenye unyevu inaweza kubaki kama ni kidogo, ikiwa nyingi itoe.

Siku moja kabla usiwalishe. Asubuhi ya kuhama jaza maji yao wenyewe kwa mitungi safi isiyowahi kuwekwa mafuta wala sabuni, nusu ya maji ukiweza, lita 70. Samaki kwa ndoo yenye mfuniko, nusu maji nusu hewa, na ndoo ikae na wewe ndani ya gari, isiwe nyuma kwa jua. Siponji ya filta ndiyo mali yako kubwa kuliko hata samaki, iweke kwa mkebe na maji ya tanki kidogo, isikauke. Mimea funga kwa gazeti lililoloweshwa.

Ukifika, tanki ndiyo kitu cha kwanza kusimama, kabla ya kitanda, na uulize keteka kama hiyo sakafu iko sawa na iweke karibu na ukuta si katikati ya chumba. Meza iwe imara, itabeba kilo 140 na kioo na mawe juu yake. Rudisha yale maji ya zamani, washa filta hata kama imejaa nusu tu, rudisha samaki, taa uiache imezimwa mpaka kesho. Alafu kwa maji ya Kitengela usijaze siku hiyo. Ndoo moja kwa siku, wiki nzima, mpaka ijae, ili wazoee boholi polepole. Kama una neoni humo, soma tena jibu la Baba Mapacha na uwaachie jirani wa Zimmerman kabla pikapu ifike.

Mimi nilihama hivo kutoka Kayole kwa matatu, ndoo nimeipakata, makanga akanilipisha viti viwili. Nililipa. Walifika wote kumi na moja.